Sahihi ya Ray Dombek

Preston Haig akikushukuru, ujue umekwisha. Watu wote wa Millers, timu ya besiboli ya Buffalo, walilijua hilo, kuanzia wachezaji hadi mama anayefua jezi. Meneja mkuu yule, kijana wa miaka thelathini na nne anayevaa viatu bila soksi, hakuwahi kumfokea mtu hata siku moja. Anakuuliza habari za nyumbani, anakushukuru kwa yote uliyoifanyia klabu, na ukitoka mlangoni pake huna kazi. Mwaka ule peke yake alikuwa ameshawashukuru wachezaji kumi na mmoja. Alikuwa anaijenga timu upya, eti. Mimi nimeishi Buffalo miaka mingi na nimeona nyumba zinavyojengwa. Sijaona fundi anayeanza kwa kuuza matofali yote.

Kwa hiyo Jumanne ya mwisho ya Julai, Ray Dombek, mrushaji wao mkongwe, alipoitwa ghorofani na kusikia, "Ray, kwanza kabisa nataka nikushukuru," hakumngoja amalize.

"Hebu ruka hapo, Preston," alisema. "Sema unalotaka kusema."

"Portland wanakutaka."

"Mimi siwataki."

Haig akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesomea kucheka. Akaigeuza kompyuta yake ili Ray aone majina matatu yaliyoandikwa kwa rangi ya kijani. "Wanatupa hawa. Renfrow, mpigaji, miaka ishirini na moja. Huyu wa kati ni mdakaji. Na huyu, Ray, huyu hapa, Eliezer Baptista. Ana miaka kumi na tisa na anarusha mpira maili mia kwa saa kama anacheza. Hawa ndio timu yetu ya miaka minne ijayo. Na wewe unakwenda kupigania kombe. Kila mtu anafaidika."

"Kila mtu nani?"

"Ray, una miaka thelathini na saba. Tunakulipa dola milioni ishirini na mbili mwaka huu na nyingine kama hizo mwakani, kwenye timu inayoburuta mkia. Hilo halikunyimi usingizi?"

"Nalala fofofo."

Hakuwa anajitutumua bure. Kule kwenye ligi kuu mchezaji wa kawaida huuzwa kama kiti cha mtumba. Anaamka Buffalo, analala Seattle, na hakuna aliyemuuliza. Lakini ukitimiza miaka kumi kwenye ligi, na mitano ya mwisho ikawa ya timu moja, huuzwi mpaka utie sahihi yako mwenyewe. Wachezaji wa zamani waligoma na kulala njaa ili haki hiyo ipatikane. Ray alikuwa na miaka kumi na miwili, yote kwa Millers, na kwenye timu nzima hakukuwa na mwingine mwenye haki hiyo. Wengine wote walishashukuriwa.

"Una mpaka Ijumaa saa kumi na mbili jioni," Haig alisema. "Baada ya hapo soko linafungwa. Sisi na Portland tumeshamaliza kila kitu. Imebaki sahihi yako tu."

"Basi hamjamaliza kitu," Ray alijibu, akatoka.

Aliendesha gari moja kwa moja hadi Lackawanna, pembeni mwa mji, kwa baba yake. Mzee Casimir Dombek alikuwa na miaka themanini na mmoja na aliishi peke yake kwenye nyumba ile ile aliyoinunua wakati kiwanda cha chuma alichofanyia kazi bado kinafuka moshi. Kiwanda kilifungwa zamani, mke akafa, majirani wakahamia Florida, na yeye akabaki. Kilichomtoa nyumbani ni mambo mawili tu: misa ya Jumapili, na siku ambazo Ray anarusha uwanja wa nyumbani. Siku hizo alikaa safu ya tisa, nyuma ya kituo cha kwanza cha wakimbiaji, tangu miaka kumi na miwili iliyopita. Mwezi wa nne theluji inaanguka, watu wamekimbia, mzee yuko pale na chupa yake ya kahawa na blanketi la marehemu mkewe magotini.

Ray mwenyewe mke alishaondoka, miaka minne sasa, akarudi kwao Arizona. Mtoto hawakujaliwa. Kwa hiyo akiwa kwenye tuta la mrushaji, katikati ya uwanja, kabla ya kurusha mpira wa kwanza, alikuwa na desturi ya kutupa jicho safu ya tisa. Akimwona mzee, moyo unatulia. Alijiambia kwamba baba yake hana kitu kingine duniani ila kumtazama yeye akirusha, na kwamba kumwondolea hicho ni kumuua kabla ya siku zake. Nani hana kitu kingine duniani, hilo hakulichunguza sana.

Alimkuta jikoni, anakaanga pierogi, vile vimfuko vya unga vyenye viazi ndani, kwenye siagi na vitunguu.

"Wanataka kunipeleka Portland, Baba."

Mzee hakugeuka. "Nimesikia redioni."

"Nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi maishani nilirusha nini zaidi ya makaa?"

"Nakuuliza wewe, ndiyo."

"Sahihi ni yako. Mimi siingilii kazi ya mtu."

"Lakini wewe unaonaje?"

"Naona vitunguu vinaungua. Sogea hapo."

Walikula wakamaliza. Ndivyo walivyokuwa, baba na mwana, mapenzi tele na maneno hakuna. Ray alimtazama mzee akitafuna polepole huku macho yakiwa dirishani, akaona huzuni. Akaona mtu mzima anayejikaza ili asimlilie mwanawe. Lo! Binadamu akitaka kuona kitu, atakiona tu.

Alhamisi mchezo ulianza saa saba mchana, jua kali, watu kama elfu ishirini. Ray alikuwa hashikiki siku hiyo. Mpira ulitoka mkononi ukaenda alipouagiza, hata wapigaji wa timu ngeni wakawa wanarudi bandani kwao wanatikisa vichwa. Zamu mbili kati ya tisa zikapita hajapigwa hata mpira mmoja wa maana. Zamu ya tatu ikaanza, akamtoa mpigaji wa kwanza, na hapo akamwona kocha wake, mzee Buck Tulley, anatoka bandani na nyonga zake mbovu, anavuka nyasi kuja kwenye tuta.

Ray alidhani anakuja kunyoosha miguu. Tulley akafika, akanyoosha mkono.

"Lete mpira, Ray."

"Una wazimu? Hawajanigusa hata mmoja."

"Simu imetoka juu."

"Inasemaje?"

"Inasema lete mpira." Tulley hakumtazama usoni. Alikuwa anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. "Mimi pia nina mke na nyumba, Ray. Usinifanye nibembeleze mbele ya watu."

Sasa hapa ndipo mtu wa nje atauliza, kwa nini alitoa? Angegoma! Hapana, bwana. Mrushaji hagombanii mpira hadharani. Wanafundishwa hivyo tangu wakiwa watoto wa miaka minane: kocha akinyoosha mkono, unatoa, matusi mtatukanana chumbani. Ray alikuwa ametoa mpira mara mia tatu maishani mwake na mkono ukafanya ulivyozoea. Aliutoa.

Na kwa watu wa mchezo huo kuna jambo moja linalojulikana na kila mtu, hata bibi wa kuuza karanga getini. Siku hizi za mwisho wa Julai, mchezaji akitolewa katikati ya mchezo, haumwi, hachechemei, basi ameuzwa. Dili limeiva, wanaogopa asije akaumia dakika za mwisho. Na mchezaji aliyeuzwa hukumbatiwa. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini wenzake humkumbatia, kamera humfuata, na watu majumbani wanapigiana simu: umeona kumbatio? Mambo kwisha.

Wa kwanza kumkumbatia alikuwa Nelson Peguero, mdakaji wake. Mtu wa San Pedro de Macorís, mji wa mbali huko visiwani, mfupi, mpana, mcheshi, ambaye kwa miaka sita alikuwa akichuchumaa mbele ya Ray na kuudaka kila mpira wake. Alikuja mbio, akavua barakoa ya chuma, akamkumbatia hadi mbavu zikalia.

"Nenda, kaka," alimwambia sikioni, machozi yanamtoka. "Nenda ukashinde. Mmoja wetu lazima ashinde."

"Sijauzwa!" Ray alisema. "Nelson, sijatia sahihi!"

Lakini kelele zilikuwa zimeshaanza. Peguero alisikia sauti tu, akadhani ni kwaheri, akazidi kumkaza. Nyuma yake wakaja walinzi wa kituo cha kwanza na cha pili, wakaja na wa mbali kule nyasini. Kila mmoja kumbatio, kila mmoja pole na hongera. Watu elfu ishirini wakasimama. Walipiga makofi, wakaimba jina lake, wengine walikuwa wanalia waziwazi, majitu mazima yenye matumbo ya bia yanafuta macho kwa jezi. Miaka kumi na miwili alikuwa akiwarushia kwenye timu mbovu, na kumbe walikuwa wanampenda kiasi kile. Hakuwahi kujua.

Mkono wake ukaivua kofia. Hakuuagiza. Aliinyanyua juu, akageuka huku na huku, na uwanja ukalipuka. Nikwambie nini mimi? Watu elfu ishirini wanakulilia, ni nani atabaki na kofia kichwani?

Kisha akatazama safu ya tisa. Katika uwanja mzima, mtu mmoja tu alikuwa amekaa. Mzee Casimir alikuwa ameinama, kiwiko gotini, kiganja kimoja kimefunika upande wa uso. Hakupiga makofi. Hakuinua kichwa. Ray alisimama pale na kofia yake mkononi, akasema moyoni: huyo analia, na mimi siondoki hapa hata waniletee rais.

Ghorofani karatasi ilikuwa tayari mezani, na kalamu juu yake. Haig alisimama, akafungua mikono. "Ray, ilikuwa heshima kubwa. Nataka nikushukuru..."

"Nilikwambia hapana."

Mikono ikashuka. "Samahani?"

"Jumanne. Nilisimama hapo hapo, nikakwambia siwataki. Wewe ukapiga simu kule chini kama nimeshakubali."

"Ray, ulivua kofia."

"Nini?"

"Ulivua kofia yako ukawaaga watu. Nchi nzima imekuona. Wamelia." Kijana hakuwa anatania, alionekana kushangaa kweli. "Sasa mimi nikawaambie nini?"

"Kawaambie kwamba kofia si kalamu."

Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Haig hakupata la kushukuru. Aliichukua ile kalamu, akaitia mfukoni polepole. "Umepanga kunikomoa," alisema. "Sawa. Lakini jua hili. Wale watatu nilikuwa nawataka, na bado nina siku moja na ushee ya kuuza chochote nilicho nacho."

Ray hakuyatilia maanani maneno hayo. Alishuka chumbani kwa wachezaji. Mtu alikuwa ameshachukua maboksi akaanza kumpangia viatu vyake. Peguero alikuwa kwenye kiti, miguu ndani ya ndoo ya barafu.

"Umesahau nini, kaka?"

"Sijasahau kitu. Siendi."

Wakatazamana. Hakuna aliyeshangilia. Ray alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa vigelegele hata, na akapata sauti ya mashine ya barafu. Mrushaji mmoja kijana, ambaye alikuwa ameshaambiwa nafasi ni yake kuanzia kesho, akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

"Basi vizuri," Peguero alisema hatimaye. "Una bahati, wewe. Unaulizwa, unasema hapana. Sisi wengine tunasoma kwenye simu."

"Ungetaka niende?"

"Mimi nilitaka usinifanye nilie mbele ya kamera bure, basi." Alicheka, na kicheko hakikufika machoni. "Mke wangu ameona. Amelia na yeye. Ana mimba ya miezi minane, analia hata paka akipiga chafya."

Ijumaa saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, dakika ishirini kabla soko halijafungwa, Haig alimuuza Nelson Peguero. Alimuuza Portland, ambao walikuwa wanatafuta mdakaji mzoefu tangu wa kwao alipoumia. Kwake aliwapata Renfrow na yule mdakaji mchanga. Baptista hakumpata, Portland walisema mtoto huyo alikuwa bei ya Ray, si bei ya Peguero.

Peguero alikuwa duka la dawa, amepanga foleni kumnunulia mkewe vidonge vya madini. Alisoma kwenye simu, kama alivyosema. Akampigia Ray akiwa bado kwenye foleni.

"Kaka. Umebaki, mimi nimekwenda."

"Nelson, sikujua. Naapa sikujua."

"Najua hukujua. Kesho saa moja asubuhi nina ndege. Mtoto atazaliwa mimi niko upande wa pili wa nchi." Ray alisikia mhudumu akiita anayefuata. "Mimi sina miaka kumi, Ray. Nina saba." Simu ikakatwa. Kwa miaka sita yote hakuwahi kumwita Ray kwa jina. Kila siku ilikuwa kaka.

Mashabiki walijua yote kabla ya chakula cha jioni. Redio za michezo za Buffalo ziliungua moto. Watu wale wale waliolia Alhamisi walipiga simu mmoja baada ya mwingine. Mzee mbinafsi. Amekalia mamilioni yetu. Amemfukuza Nelson, amemkosesha mwanamke wa watu mume siku ya kujifungua. Kwa ajili yake tumemkosa Baptista. Mpaka wiki iliyotangulia hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulisikia jina la Baptista, lakini sasa walimzungumzia kama mtoto wao waliyeporwa. Kila mmoja alijua anarusha maili ngapi. Ray aliizima redio ya gari na akajiambia yatapita. Soko limefungwa, hakuna wa kumuuza tena. Ana shati lake na ana mji wake. Safu ya tisa ina mwenyewe. Hayo ndiyo aliyoyapigania.

Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu yake ya kurusha. Alitoka bandani mchana, akavuka mstari, na uwanja ukamzomea.

Alishawahi kuzomewa, nani hajazomewa kwenye kazi ile. Lakini alizomewa miji ya watu. Hii ilikuwa sauti ya nyumbani, aliitambua hata lafudhi yake. Waliokuwa na matumbo ya bia walikuwepo wote. Nyuma ya kituo cha tatu watu wawili walishikilia shuka lililoandikwa kwa rangi nyekundu: TULISHAAGANA, RAY. Hata watoto walilisoma kwa sauti na kucheka.

Alipiga moyo konde, akaegemea mbele kusoma ishara ya mdakaji. Mdakaji alikuwa kijana mgeni wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa anamwogopa. Alitoa ishara, akaifuta, akatoa nyingine. Kabla ya kurusha Ray alitupa jicho safu ya tisa.

Kiti kilikuwa kitupu.

Hakurusha tena siku hiyo. Alikuwa anatupa tu. Katika zamu ya pili wageni walipata pointi sita. Tulley alikuja na nyonga zake, akanyoosha mkono, na Ray akatoa mpira. Hapo ndipo watu walipopiga makofi, makofi ya kejeli, taratibu, kwa pamoja. Hakuivua kofia.

Asubuhi ya Jumatano Haig alimwita. Hakumkaribisha kiti. Alimwambia kwamba kuanzia leo hataanza mchezo tena. Timu ni ya vijana, vijana wanahitaji kurusha. Yeye atakaa kule nyuma na wale wa akiba, na akihitajika ataitwa. "Mwakani vilevile," alisema. "Mshahara wako utaupata wote, mpaka senti ya mwisho. Hiyo ndiyo haki yako, na mimi naiheshimu haki." Kisha akatabasamu. "Nakushukuru kwa kuja, Ray."

Alikwenda Lackawanna na hofu ya aina nyingine kabisa. Njia nzima aliona mambo: mzee kaanguka bafuni, mzee yuko kitandani hajiwezi, mzee kafa kwa uchungu wa kumwona mwanawe anatukanwa redioni. Alifungua mlango bila kubisha.

Mzee Casimir alikuwa sebuleni, mzima wa afya, ameketi mbele ya televisheni na bakuli la karanga.

"Hukuja jana, Baba."

"Sikuja."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Funga mlango, nzi wanaingia."

Ray akafunga. Kwenye televisheni kulikuwa na mchezo wa mchana kutoka Portland, kijani kibichi, jua la kule. "Walinizomea," alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto na akaona aibu. "Wameniondoa kwenye kurusha. Sirushi tena, mwaka huu wala mwakani."

"Nimesikia."

"Husemi kitu?"

"Niseme nini? Sahihi ilikuwa yako."

"Nilibaki kwa ajili yako!" Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na saba kumpandishia baba yake sauti. "Nilikuona Alhamisi! Uwanja mzima umesimama, wewe umekaa, umejifunika uso, unalia!"

Mzee akageuka kwa mara ya kwanza. Alionekana kutoelewa kwa dhati. "Nalia? Nani analia?"

"Nilikuona kwa macho yangu."

"Nilikuwa nasikiliza redio, wewe. Ile ndogo, ya sikioni. Watu wanapiga makelele kama wehu, nikainama nikaziba na kiganja ili nisikie." Aliokota karanga, akaishika bila kuila. "Walikuwa wanataja majina."

"Majina gani?"

Mzee akaelekeza kidevu kwenye televisheni. Juu ya tuta la Portland alikuwa amesimama mtoto mrefu, mwembamba, shati linampwaya. Jina mgongoni lilikuwa Baptista. Walikuwa wamempandisha ligi kuu kutoka ligi za chini siku hiyo hiyo.

"Kwa nini hukuniambia?" Ray aliuliza. "Nilikuja hapa. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

"Ulitaka nikwambie nini? Mwanangu, nenda? Kuna baba anayemfukuza mtoto wake mjini?" Sasa na yeye mzee alikuwa amekasirika. "Nina miaka themanini na mmoja. Naingoja timu hii ichukue kombe tangu nina ishirini. Nimekaa kwenye theluji, nimekaa kwenye mvua, kabla wewe hujazaliwa na baada ya kuzaliwa. Yule bwana mdogo asiyevaa soksi akasema redioni miaka minne. Nikapiga hesabu, nikaona nikijitunza, nikiacha siagi, ninafika. Nilikaa pale nikasikia majina matatu, nikasema Mungu wangu, ninafika. Jana nije kutazama nini?" Akaigeukia tena televisheni. "Ungekwenda, mwanangu. Mimi ningekutazama hata ukiwa kule. Ungekwenda."

Ray alitaka kumjibu. Alitaka kusema mambo ya blanketi na chupa ya kahawa, na vile kila safari alivyokuwa akimtafuta kwanza kabla ya kurusha. Hasira ilimjaa, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwa sababu mzee alikuwa hajamkosea lolote.

"Nyamaza kidogo," mzee alisema, ingawa Ray hakuwa amefungua mdomo. "Anarusha."

Mtoto akainua goti, akarusha. Mpigaji hakuuona hata mpira ulikopita. Akarudia, na tena mara ya tatu, na yule mpigaji akarudi bandani kwao anatikisa kichwa. Aliyeudaka mpira na kuinuka akicheka alikuwa Nelson Peguero.

Mzee Casimir akapiga makofi. Alipiga peke yake, kwa nguvu, na mikono ile mikubwa ya kiwandani, hadi karanga zikamwagika kwenye zulia. Kwa miaka kumi na miwili Ray hakuwahi kuyasikia makofi ya baba yake. Kule uwanjani kelele za watu ziliyameza. Sasa aliyasikia, moja moja, vizuri kabisa.